Nimeandika Nilikuwa Ndani, Kumbe Nilikuwa Benchi

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana jambo hili limenikaa kooni na sina wa kumwambia, wenzangu wa kazini watanicheka, na mtu pekee ambaye ningemwambia ndiye niliyemkosea. Mimi ni daktari wa kawaida, nafanya kazi wodi ya watoto, na ninachokitaka kuliko vyote ni nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto, nimeshaomba mara mbili na mara zote nimejibiwa kwa mistari miwili ya kunishukuru, na safari hii dirisha la maombi linafungwa Ijumaa.

Maombi yangu ya nyuma yalikuwa makavu, nakubali, vyeti na semina na tarehe, basi rafiki yangu aliyepata nafasi mwaka jana akaniambia, "Wewe unaandika kama risiti. Jopo wanasoma mpaka macho yanawauma, usipowaliza hawakukumbuki. Weka kisa." Nikakaa nikatafuta kisa, na nilichonacho ni kimoja tu, mtoto wa dada yangu, aliyefariki kwa homa ya mapafu hapo hapo hospitalini kwetu mwaka juzi, kabla hajatembea vizuri.

Ukweli wa siku ile ni kwamba nilimkimbiza mwenyewe mpaka chumba cha dharura nikataka kuingia naye, lakini daktari bingwa wa zamu, ambaye sasa ni mkuu wa idara yetu na ndiye mdhamini niliyemweka kwenye maombi, akanizuia mlangoni akasema, "Leo wewe si daktari, wewe ni mama mdogo. Kaa na dada yako." Nikakaa. Tulikaa kwenye benchi la koridoni nimemshika dada mkono, tukisikia mashine na viatu vya watu wakikimbia, na hakuna aliyetoka kutuambia neno lolote mpaka walipotoka kutuambia imeshindikana. Tangu siku ile siwezi kumhudumia mtoto mahututi bila kumtuma mtu nje, au kuchungulia mwenyewe kidogo, niwaambie wazazi tumefikia wapi, mpaka wauguzi wamenibandika jina la Redio, lakini hayo si ya kuandika popote, ni utani wa wodini tu.

Sasa kwenye maombi nikaandika kwamba nilikuwa ndani. Niliandika "niliongoza jitihada za kuokoa maisha ya mtoto wa dada yangu", nikaeleza jinsi kifua chake kilivyokuwa chini ya vidole vyangu, na Mungu anisamehe, ilitoka vizuri, mimi mwenyewe nililia nikiisoma. Nikachapisha, nikaacha karatasi mezani. Naishi kwa dada, naye ni mwalimu wa shule ya msingi, tangu nikiwa mdogo kila ninachoandika hukipitia kwa kalamu nyekundu bila hata kuombwa, na niliporudi kutoka kazini nilimkuta amekaa, alama nyekundu zimejaa aya ya kwanza, zimejaa ya pili, katikati ya aya ya tatu zimekoma na kalamu imefunikwa.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa ndani?"

"Hapana, dada. Nilikuwa na wewe."

"Hapa umeandika ulikuwa ndani. Sasa mimi mkono nilishikwa na nani?"

Nikaokota karatasi nikaingia nayo chumbani. Hajanigombeza, chakula ananiwekea kama kawaida, ila asubuhi ananisalimia "habari za kuamka, daktari", mtu ambaye maisha yangu yote ameniita mdogo wangu. Mshauri, nikiiondoa aya hiyo sina kitu, narudi kwenye risiti, nikiiacha naogopa nimempoteza dada. Nifanye nini?

Mama Mdogo

*

Mama Mdogo, pole. Pole ya mtoto kwanza, maana katika barua yako yote sijaona mahali uliposema kwamba na wewe ulifiwa. Ulifiwa, mwanangu, na nadhani hujawahi kukaa chini ukamlilia kama mama yake mdogo.

Baada ya pole, acha nikuseme. Ulichoandika ni uongo, tusiupake rangi. Wala si uongo wa kijanja: mdhamini uliyemweka ndiye aliyekuzuia mlangoni! Jopo wakimpigia simu, wakamwomba aeleze ulivyoongoza kazi siku ile, atajibu nini? Hukuliona hilo kwa sababu macho yalijaa machozi ya maneno yako mwenyewe. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba dada yako aliondoka kwenye korido ile na kitu kimoja tu, nacho ni mkono wako, halafu wewe umeutoa benchi ukaupeleka kwenye chumba ambacho hukuingia. Ndiyo maana hakugomba. Mtu aliyeumizwa hivyo hana nguvu za kugomba.

Kabla ya kupewa kona hii ya ushauri nilikaa miaka mingi kwenye meza za usaili, si za madaktari, lakini maombi ni maombi. Yaliyoliza tuliyasoma. Tulifuta machozi, kisha mmoja wetu akauliza, "Haya, huyu alifanya nini?" Jibu lisipoonekana, karatasi iliwekwa kando.

Na wewe jibu unalo, umelipita mbio kana kwamba ni aibu. Redio! Daktari aliyekaa upande wa wazazi, akaona kinachokosekana, akarudi kazini akakirekebisha, unaniambia si la kuandika popote? Hebu nitolee hapa. Hayo ndiyo maombi yako. Eleza unachofanya mtoto anapozidiwa, nani anatoka, anawaambia nini wazazi, kimebadilika nini tangu uanze. Palipo na kazi ya wauguzi, sema ni ya wauguzi. Palipo na yako, sema ni yako, usijikweze na usijifiche. Vyeti viache vibaki, ila kila kimoja useme kilikufundisha kufanya nini ambacho zamani ulikuwa hukiwezi. Na ile "tangu utotoni nilikuwa na ndoto", najua umeiandika, ifute. Hata mimi tangu utotoni nilitaka kuwa rubani. Ukimaliza, mpelekee mkuu wa idara asome kabla ya kutuma, umuulize anadhani ulikwama wapi mara zile mbili, na akikujibu usibishane naye.

Habari ya benchi si yako peke yako. Leo jioni nenda kwa dada bila karatasi mkononi. Usimweleze jopo wanapenda nini, wala usimsingizie rafiki yako. Sema ulidanganya, basi. Mtalia, na mkishalia umuulize kama anakuruhusu kuandika kwamba mlikaa pale. Akikataa, benchi litoke, Redio ibaki, nayo inatosha. Akikubali, andika mistari michache ya kweli, halafu umrudishie kalamu yake nyekundu.

Inawezekana ukafanya yote haya na nafasi ukaikosa tena. Utaumia, utajikaza, utaomba tena, maana nafasi hizo hutangazwa kila mwaka. Dada yako amekuuliza swali moja, na mpaka unaniandikia ulikuwa hujamjibu: mkono ulikuwa wa nani? Kamjibu.