Miguu ya Papa Zaina

Jumatatu, 4 Mei
Samaki ya Isangi imefika asubuhi, imekauka vizuri. Nimeuza nusu. Kurudi nyumbani, nakuta bwana yangu, Papa Zaina, amesujudu chini. Chini kabisa! Toka mwaka jana anasali juu ya kiti, miguu inamuuma, magoti yamevimba. Anasema ni mafuta ya samaki, yale ya chupa mutoto wetu Zaina alimununulia kule Makiso. Nimecheka. Nauza samaki maisha yangu yote, kumbe dawa iko ndani ya chupa! Lakini nimefurahi sana.

Alhamisi, 7 Mei
Nimefagia chumba. Chini ya kitanda, vinini, vidonge vya kolesteroli alivyopewa na munganga wa hospitali. Vimebaki vingi. Aliviacha siku ileile alianza mafuta. Hakuniambia! Nimekasirika mpaka sombe yangu ikaungua motoni.

Jumanne, 12 Mei
Tumekwenda kwa munganga na toleka mbili, baiskeli za kubeba watu. Majibu ya damu: mafuta ya aina moja imeshuka, kolesteroli mbaya imepanda. Namna gani? Munganga anasema mafuta ya samaki inaweza kushusha ile ya kwanza, lakini haishiki nafasi ya kinini. Na miguu? Labda mafuta imepunguza uvimbe. Labda kinini ndiyo ilikuwa inaumiza misuli, kuna watu inawafanyia vile. Ametoa kinini ya aina ingine. Bon. Dawa moja iliachwa, ingine ikaanza, siku moja. Sasa nani atajua? Kichwa yangu imekuwa uji.

Ijumaa, 15 Mei
Amekataa kinini. Kolesteroli haijamuuma hata siku moja, anasema, miguu ndiyo ilimutesa. Kule musikitini, vijana aliowafundisha Kurani walikuwa wanamuangalia juu ya kiti kwa huruma. Aliona haya. Sikujua. Nimelia jikoni. Ana haki. Munganga naye ana haki. Lakini ndugu yake Sefu alianguka dukani, moyo ukasimama, na hakuwa anaumwa kitu. Naogopa. Nimemwambia: Papa Zaina, mimi sikuolewa na magoti. Hakukula.

Jumapili, 17 Mei
Mvua. Sikwenda soko. Bado sielewi ni nini inaponya nini.
Ameomba mayi, amemeza kinini mpya mbele yangu.
"Miguu ikirudia kuuma, nitakulalamikia kila siku."
"Lalamika, Papa. Mimi nataka kukusikia."