Kwa Auleria, Uliyekalia Kigoda Mlangoni

Mwaka umetimia, Auleria, tangu moyo wako uliposimama ghafla shambani kwetu Bukiriro, jembe likiwa bado mkononi. Wewe uliyeuguza watu wengi kiasi kile hukutuachia hata siku moja ya kukuuguza. Hilo tumekusamehe, ila kwa shida.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, wenzako walianza kusimamisha majiko. Wewe ulianza kwa kutundika kibuyu cha maji chenye kamba ya kukiinamisha nje ya zahanati ulikofanya kazi ya unesi. Mtoto akija mbio kukuamkia, ulimsimamisha hapo hapo: "Mikono kwanza, shikamoo baadaye." Hata katibu wa tawi alinawa.

Leo tunakushukuru zaidi kwa lile la mwaka wa vita. Magari yote yalikuwa yamekwenda kubeba askari, na mafua makali yalipita nyumba kwa nyumba. Yakamwangusha mumeo, mzee Philbert, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amestaafu kazi za barabara. Yeye husema paji lake liliwaka hata ungebandika ndizi juu yake zingeiva. Wewe ulikuwa ukimjibu mbele ya wageni, "Ndizi gani? Hata uji ulikushinda."

Homa iliposhuka, mdogo wake Ntakirutimana akaja zahanati alikolazwa, na chungu cha pombe ya ndizi na mrija mmoja, kama ilivyo desturi yetu: aliyeinuka kitandani huonja kwanza, kisha mrija unazunguka. Nyuma yake walikuja majirani, na Shibuda, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga, kibuyu cha maziwa begani. Philbert aliwaona kutoka kitandani, mate yakamjaa kinywani. Ndipo ulipoweka kigoda mlangoni, ukakikalia.

"Shemeji, siku hizi umekuwa mpaka wa Mutukula?" Ntakirutimana akakuchokoza.

"Nimekuwa. Na wewe huna kibali."

"Lakini kaka amepona!"

"Amepona mafua. Mafua yamebomoa ua, na fisi hawajalala. Kifua chake hakina mlinzi. Rudi na mrija wako."

Shibuda, ambaye habari za ua na fisi hafundishwi na mtu, alikuwa wa kwanza kugeuka. Ntakirutimana aliondoka amenuna, akiapa kwamba hatakanyaga tena mahali anapotawala mwanamke wa namna hiyo.

Kesho yake fisi akaingia. Philbert alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Ubavu ulimchoma kila alipovuta pumzi, na makohozi yakatoka na rangi ya kutu. Hukusema "niliwaambia." Ulisema ni nimonia, na kwamba vijidudu vyake huenda vilikuwa vimejificha kooni mwake mwenyewe, vikingoja mafua yavifungulie njia. Ukasema pia kwamba dawa ya sindano iliyobaki haimtoshi.

Ukampelekea habari Ntakirutimana, yule yule aliyenuna, kwa kuwa baiskeli yake ndiyo pekee iliyokuwa na matairi mazima. Alipanda vilima mpaka hospitali ya misheni, akarudi na penisilini ndani ya shati, mwenyewe matope mpaka kwenye kofia. Ulipoipokea ulimwambia tu, "Shemeji, nawa mikono, uingie umwone kaka yako."

Philbert hakumbuki mengi ya siku zile, ila anaikumbuka mikono yako. Ulimketisha ameegemea gunia la pumba. Ulimgeuza ubavu huu na ule, ukamsafisha kinywa kwa maji ya chumvi, ukachemsha sindano katika sufuria ambayo ole wake mtu atakayeigusa. Maumivu yalipomfanya aogope kukohoa, ulimwinamia: "Kohoa, mzee. Ukifa, uongo wako nitausikia kwa nani?" Akacheka, kicheko kikavuta kikohozi, na kifua kikaanza kufunguka.

Alipopona kweli, alitangaza kilabuni kwamba alifika mlango wa mbinguni akarudishwa kwa kukosa barua ya mwenyekiti wa kijiji.

"Hukufika huko," ulimwambia. "Mlango nilikuwa nimeukalia mimi."

Hadithi zake zote nyingine ameziongezea chumvi mwaka hadi mwaka. Hiyo yako anaisimulia kama ulivyoisema, bila kuongeza neno.

Jumapili tutakuombea misa, kisha tutakusanyika nyumbani. Chungu cha pombe ya ndizi amekiandaa shemeji yako mwenyewe, naye ametoa amri: kila mtu aje na mrija wake. Kigoda chako kitakuwa mlangoni, na hatakikalia mtu.

Unakumbukwa na mumeo Philbert, ambaye bado anapumua kwa sababu yako; binti yako Adelfina na wanawe; dada yako Esperansia; shemeji yako Ntakirutimana; rafiki wa nyumba yetu Shibuda, na wote uliowanawisha.

Daima, Auleria, na kila tunapoishika ile kamba ya kibuyu, tutakukumbuka.