Mwisho Nilioupinga

Matema, Jumapili jioni

Baba Kisa,

Ndaga, salamu nyingi. Huku tu wazima. Kakao imekauka vizuri, na Kisa amenipita urefu.

Wanawake wa kanisani tumemaliza kusoma riwaya ya mapenzi ambayo kila sura inakugeuzia mambo. Mume anavuka mpaka kutafuta kazi, anapotea. Mara tunaambiwa ameoa huko, mara amekufa. Ukurasa wa mwisho anabisha hodi. Wenzangu wote walilia. Mimi niliwaka, unanijua. Nikasema mwandishi ametudanganya, kwamba mume aliyenyamaza miaka yote hiyo harudi na kitenge mkononi na maelezo ya kila kitu. Nilikichambua kitabu sura kwa sura.

Ndipo Felista, jirani yetu, akauliza taratibu, "Mama Kisa, kwa hiyo ungekuwa wewe, usingemfungulia?"

Wote wakainamisha vichwa. Wanajua tangu uvuke mpaka pale Kasumulu ni mwaka wa nne, na simu yako haipatikani. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaondoka. Kitabu nilikibeba. Ule ukurasa wa mwisho nimeurudia mara nyingi, na bado nasema ni uongo.

Barua hii nampa Asifiwe anayepeleka mchele Karonga, huko ng'ambo ya mpaka, akuulizie sokoni.

Sijawahi kushindwa hoja mbele ya wanawake hawa. Hii njoo unishinde. Felista atanicheka mwaka mzima, nami nitamwacha acheke.

Mkeo, bado mbishi,
Mama Kisa