Mahali Pangu Upande wa Kushoto

Kemunto,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichonifundishia kushika kalamu, na Kikisii chetu nikikiandika najikwaa. Ukiona makosa, cheka. Ulikuwa mwepesi wa kucheka makosa yangu, na ugali wako mwenyewe ulikuwa haulikiki.

Mwaka umepita tangu ututoke. Sisi wanawake wa risaga bado tunalimiana mashamba kwa zamu, leo kwangu, kesho kwa Bosibori. Bosibori amezeeka, ulimi wake haujazeeka. Kwenye mstari wa kupalilia tunaacha nafasi yako, wala hatukupanga, ni miguu tu imezoea. Hakuna wa kutuimbisha. Tunajaribu, tunakosa sauti, tunaendelea kulima.

Nina neno la kukiri kabla ya mengine. Siku kile kifua kilipokuchukua, mwili wako ulipelekwa kwa baba yako, na wazee wa ukoo wakatangaza jina ulilopewa ulipozaliwa, la mvulana. Sitaliandika hapa. Unajua kwetu msiba haujawa msiba mpaka wanawake walie jina la marehemu. Shemeji yangu alikuwa amekaa na wale wazee, ananitazama. Niliogopa, Kemunto. Nililia lile jina. Mara moja tu, lakini nililia, na aibu ikanipanda mwilini kama homa.

Mimi wa kukufanyia hivyo! Mume wangu alipokufa, shemeji huyo huyo alitaka shamba liandikwe jina lake, na mimi nirithiwe pamoja nalo. Wapima ardhi walipokuja, wewe ndiye uliyesimama nami mbele ya meza yao, leso kiunoni na kitambaa chako cha manjano kichwani. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akaangusha fimbo. Hukutikisika. "Kulima alime yeye, kuandikwa aandikwe mwingine?" ulimwambia karani. "Mwandike Moraa." Akaniandika. Njiani nilikuuliza kama kile kicheko hakikuuma. Ulisema, "Kinauma. Ila leo tumegawana."

Ni baada ya siku ile Bosibori aliposema mbele ya wote kwamba aliyesimama na mjane ni mwanamke mwenzetu, na asiyetaka atafute risaga nyingine. Wawili waliondoka. Mmoja alirudi.

Basi huyo Bosibori alinisikia nikilia lile jina. Hakunigombeza. Alikaa chini akafunga mdomo, na wenzetu wote wakakaa.

"Huyu ni kijana wetu, mlieni!" mzee mmoja akafoka.

"Huyo kijana hatumjui," Bosibori akajibu. "Sisi tumekuja kumlilia Kemunto."

Msiba usio na kilio ni fedheha, na watu walikuwa wameanza kufika kutoka Masimba na hata Kenyenya.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa upande wa kulia wa nyumba, upande wa wanaume. Tulipodai uzikwe kushoto wanakozikwa wanawake, mkubwa wa wazee alitabasamu. "Haya, awe msichana basi. Msichana hajaolewa, anazikwa wapi kwa babake? Hana mahali. Mpelekeni nje ya ua." Hapo kila mwanamke aliinua kichwa, maana kila mmoja ana binti, au alikuwa binti wa mtu. Kwa mwana wa kiume ambaye hukuwa, mahali palikuwapo. Kwa binti uliyekuwa, hapakuwapo hata shubiri moja, na sisi wengine tulikuwa hivyo hivyo siku zote bila kuambiwa.

Ndipo niliposimama. Nikasema shamba langu limeandikwa jina langu, na upande wa kushoto wa nyumba yangu pana mahali pangu pa kuzikwa. Nampa Kemunto.

"Na wewe utalala wapi?" shemeji akauliza.

Nikamwambia nitasogea.

Baba yako hakuwahi kulitaja jina lako tangu uvae leso, na siku ile pia hakulitaja. Wazee walipomgeukia alisema tu, "Wamchukue." Lakini kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, litaita mwingine. Wakakata mgomba wakauzika pale kulia, kwa lile jina. Nilikaribia kucheka. Wazee wazima, kofia mkononi, wanazika mgomba! Kisha nikamwona baba yako akilia juu ya ule mgomba, analia kweli, na kicheko kikanifia kooni. Miaka yote ile alikuwa akimngoja mwanawe arudi. Alimlilia pale. Kwako hakuja.

Sisi tulikubeba. Tulilia jina lako njia nzima, mchana kweupe, mpaka sauti zikakauka. Mimi nililia kuliko wote.

Tangu hapo shemeji hanisalimii. Jumamosi kanisani kwetu Wasabato kuna watu hawakai benchi langu. Sijali. Naongopa, najali, ila nimezoea. Halafu, Kemunto, kuna binti mmoja wa kule chini, aliyerudi kwao kwa sababu ya kipigo cha mumewe, akaugua akafa. Alizikwa ndani ya ua wa babake, na hakuna mzee aliyekohoa.

Wiki iliyopita mke wa mwanangu alijifungua msichana. Unajua kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na marehemu asiyepewa mtoto amekufa kabisa. Nilitaja jina lako. Mwanangu akauliza watu watasemaje. Mkewe ndiye aliyemjibu, wala si mimi: "Watasema Kemunto."

Jana baba yako alikuja. Alisimama kwanza kwenye kaburi lako, muda mrefu, mimi nikijifanya napepeta wimbi. Kisha akaomba kumshika mtoto. Akaniuliza anaitwa nani. Alijua, kijiji kizima kinajua, kwa hiyo sikumsaidia. Alimtazama mtoto huku midomo ikicheza.

"Kemunto," akasema.

Halafu akageuza uso kaburini kwako, akalisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayeita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi huyu mdogo atajua jina lake limetoka kwa mwanamke gani. Na lile jingine sitalilia tena, hata wanitazame wazee wa Kisii nzima.

Mwenzako,
Moraa