Meza Ilipogongwa Nikageuka

Chumba Na. 4, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Dobi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla hujafungua bahasha. Hujambo? Kifua kimepoa? Wifi yangu je, na wanafunzi wako? Mama magoti yanamsumbua, ila akianza kunisema huwezi kujua kama anaumwa. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo inachemka, na nimetanguliza salamu usije ukasema dada yako hana adabu.

Nimeupata ujumbe wako wa jana. "Hongera dada, mchezo umekuingia," halafu ukaweka vile vidude vya kucheka. Vitatu. Mdogo wangu, umenikera. Mama alikupa habari nusu, nawe ukaikenulia meno. Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza kama kawaida yako. Sasa kaa chini nikupe nzima.

Unakumbuka likizo ile ulipokuja kunisubiri kazini, ukatukuta saa ya chakula tumekaa juu ya marobota ya mashuka, kila mtu kimya na kopo lake. Ukasema haiwezekani wanawake kumi na mmoja tumwogope meneja mmoja. Ukatufundisha mchezo wa kutetea. Mtu anachota kikaratasi kwenye beseni, anakuta "ndoo iliyotoboka", na hapo hapo anaitetea kama mwanawe. Meza ikigongwa, anageuka bila kufikiri na kuiponda ndoo ile ile kwa nguvu ile ile. Ukisita, unakaa.

Sikatai, ilitufaa. Miezi mitatu tumecheza kila siku. Yule wa sabuni, ambaye hata jina lake alilisema kwa kunong'ona, siku moja alitetea kunguni mpaka tukawaonea huruma. Mimi ndio usiseme. Waliniita Wakili, wakadai nina maneno ya kumtoa nyoka pangoni, nami kichwa kikavimba.

Mama Pacha unamjua, yule wa mashine ya kupiga pasi mashuka, aliyekuchekesha mpaka chai ikakutoka puani. Mwezi uliopita mashine ile ilimvuta mkono wa kulia. Kizuizi cha mbele kinachokinga vidole kilivunjika tangu mwaka jana, na kila tukiuliza, meneja anasema kinakuja. Vidole vitatu vimeungua hadi kiganjani. Tukaomba kuonana na bodi: kizuizi kiwekwe, na mashine isiwashwe kabla ya hapo. Msemaji nikachaguliwa mimi, nani mwingine.

Ijumaa nikasimama mbele ya bodi. Nilianza vizuri, nakuapia. Mwenyekiti alikuwa anaandika ninayosema. Kisha wajumbe wawili wa nyuma wakaanza kunong'onezana, naye akagonga meza kwa kalamu ili wanyamaze.

Nikageuka.

Sikufikiri, si ndivyo ulivyotufundisha? Nikasema kizuizi kinachelewesha kazi. Nikasema mashine haina macho, mwenye macho ni mfanyakazi, na kwamba huyu aliyeungua alikuwa akipiga soga. Nilisema kwa ufasaha ambao sijawahi kuupata kwenye ndoo wala kunguni. Nilipoona bodi nzima inatikisa vichwa kukubali, ndipo nikazinduka, mdomo wazi. Nikaanza kueleza kuwa ule ni mchezo wetu wa saa ya chakula, wakacheka. Mwenyekiti akasema msemaji mwenyewe amelifunga suala. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na jina langu kamili.

Nina hasira na mwenyekiti, aliyejua vizuri tumekuja kuomba nini. Nina hasira na meneja, aliyenipa mkono mlangoni kama tumekula njama. Nafsi yangu hata siitaki kuisikia. Ila wewe, mwalimu mzima, ulitufundisha kusema lolote tukaaminiwa, wala hukutuambia kuna mambo ambayo mtu hageuki hata dari idondoke. Miezi mitatu yote hakuna aliyechota kikaratasi chenye mkono wa mtu. Halafu unanitumia vicheko.

Wenzangu hawakunitukana, na ingekuwa afadhali wangenitukana. Jana tumeandika barua kwa bodi kukanusha maneno yangu. Sahihi zimepatikana kumi. Ya kumi na moja haipo, Mama Pacha amekataa.

Nilimfuata kwake. Nilimkuta anajifunza kukunja shuka kwa mkono wa kushoto, maana Jumatatu ya wiki ijayo anarudi kazini, mashine ile ile, bila kizuizi. Kikaoni alikuwa amekaa pembeni yangu na bendeji yake, akisikia kila neno. Aliniambia hana kinyongo. Eti nilisema kweli, siku ile alikuwa akipiga soga. Nikamwambia ule ulikuwa mchezo, kwamba siku ile hata hakuwa akiongea, nilibuni tu. Akanishika bega, akasema nisijisumbue kumfariji.

Kwa hiyo usinijibu mimi. Mpigie yeye, kabla ya hiyo Jumatatu.

Msalimie wifi, na mjomba fundi saa akipita hapo. Mama anasema vaa sweta. Mungu akutunze ulipo, akupe na wewe siku moja mtu wa kukuambia ukweli.

Wako akupendaye hata leo,
Dada yako.

Nimejaribu kila neno nililo nalo kumshawishi Mama Pacha kwamba hakujiunguza mwenyewe. Haniamini.