Kisawasawa Walivyoikataa Sura Yangu ya Nne

Ifakara, Ijumaa, Juni 1998

Leo kulipambazuka na ubaridi, ule wa Juni unaowafanya watu wa Ifakara wavae makoti kama wako Makete. Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Nimekaa kibarazani kwangu, mtaa wa Viwanja Sitini, miguu ina vumbi la Kisawasawa, na sitanawa mpaka nimalize kuandika.

Nimefaulu.

Ngoja nianze mwanzo, maana furaha inanikimbiza.

Chuo chetu hiki cha Kilutheri ni kidogo mno. Ukipika dagaa mchana, jioni mkuu wa chuo anakuuliza kama walikuwa watamu. Lakini kina sheria moja ambayo rafiki zangu wa vyuo vikubwa hawaiamini nikiwasimulia. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akishamaliza utafiti wake, walimu kuukubali haitoshi. Lazima aurudishe kijijini alikoufanya, ausome kwa Kiswahili mbele ya watu, nao wanyooshe mikono. Wakiukubali, mtendaji wa kijiji anagonga muhuri. Wakiukataa, hakuna mahafali. Mwaka jana kijana mmoja alikataliwa kule Mlimba, na mpaka leo tuko naye darasani, mpole kweli.

Mimi nina miaka thelathini na tisa na watoto watatu. Mume wangu yuko kwenye mashamba ya miwa, anakuja mara moja kwa mwezi. Darasani vijana wananiita Mama Tumaini, na wakipata shida ya sukari au ya mapenzi wanakuja kwangu. Mwaka mmoja zaidi nisingeuweza. Nilishamwambia mume wangu Juni ndiyo mwisho, na wanangu walishachoka kusikia neno mtihani.

Asubuhi kwenye ibada mkuu wa chuo aliniombea kwa jina. Kanisa zima likageuka kunitazama. Mimi ni Mkatoliki, nimesomeshwa na masista upande wa Mahenge, nikajikuta nafanya ishara ya msalaba katikati ya Walutheri. Waimbaji wenzangu wa sauti ya pili wakacheka chinichini. Miaka mitatu naimba nao, bado mkono unanisaliti nikiogopa.

Na niliogopa. Nakiri hapa kwa sababu kule sikukiri.

Tulifika Kisawasawa, kijiji nilikofanyia utafiti, saa nne, mimi na msimamizi wangu, Dakta Mollel. Ni mtu mkavu, hasifii hata mvua. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, wamejaa kwenye mabenchi mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume kushoto, wanawake kulia. Mavuno yameisha, kila mtu amerudi kutoka mashambani. Hilo sikulipa uzito.

Nikasoma. Sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu wanatikisa vichwa kukubali. Nikaanza kujisikia msomi. Nikafika sura ya nne, inayosema ni nani anaendesha kilimo cha mpunga Kisawasawa. Nikasoma kwa sauti ya kujiamini kabisa kwamba karibu mashamba yote yanaendeshwa na wanaume, na wanawake wanasaidia.

 Upande wa kulia mama mmoja mtu mzima akasimama, anaitwa Mama Anastazia, kitenge amejifunga vizuri kama anakwenda kupokea komunyo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha.

"Mwanangu," akasema, "mwezi wa nne ulikuja kwangu, ukamkuta mzee. Mimi nilikuwa dunguni, nafukuza ndege. Mzee alikujibu vizuri, ni mtu mwenye adabu. Lakini huo mpunga ulioandika kwamba ni wake, hata mbegu yake haijui."

Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka. Mimi nikaona aibu inanipanda kutoka miguuni.

Maana alisema kweli. Dodoso langu swali la kwanza liliuliza jina la mkuu wa kaya, na maswali yote yaliyofuata nikamwuliza huyohuyo. Nilipita nyumba kwa nyumba mwezi wa nne, wakati mpunga unaiva na wanawake wako bondeni wamelala kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Nyumbani niliwakuta wanaume. Nikawauliza wanaume habari za wanaume, nikaandika sura nzima.

Kibaya zaidi ni hiki. Mimi nimelelewa dunguni. Mama yangu alilima peke yake, alilinda peke yake, alivuna peke yake, nami nikiwa nimelala miguuni pake huku anavuta kamba ya makopo kutisha ndege. Ningeulizwa usingizini nani analima mpunga ningejibu bila kufumbua macho. Lakini nilivaa viatu, nikashika dodoso, nikasahau.

Nilimtazama Dakta Mollel. Alikuwa anaangalia kalamu yake. Nikaelewa kwamba hapo hakuna wa kunishika mkono.

Ningeweza kubisha. Nilikuwa na majedwali, na maneno magumu ya kutosha kuwanyamazisha. Nilifungua mdomo kabisa nikitaka kuanza.

Badala yake nikasema, "Mama, nimekosea. Sura hii si ya kweli."

Kisha nikaomba kitu ambacho sikukipanga. Nikasema mwanamke yeyote ambaye msimu huu alichagua mbegu mwenyewe, akalala dunguni na kuvuna bila mume kuwepo, aje asimame nyuma yangu.

Mama Anastazia akaja wa kwanza. Halafu wawili. Halafu benchi la mbele zima likainuka, na la pili, mpaka mke wa mwenyekiti wa kijiji, ambaye alipita mbele ya mumewe bila kumtazama. Upande wa kulia wakabaki vikongwe na mama mmoja mwenye mtoto mchanga, naye akapaza sauti kwamba mwakani atakuwepo. Wanaume walikuwa wanayaangalia mabenchi matupu. Hakuna aliyecheka tena.

 Mwenyekiti akaniambia neno moja tu.

"Andika."

Nikaandika. Nilisimama pale na daftari mpaka saa nane, nikawauliza mmoja mmoja, nao wakanijibu kwa majina yao wenyewe. Sura nzima mpya imo ndani ya daftari hili, kwa penseli. Tulipomaliza, mwenyekiti akauliza nani anaikubali ripoti pamoja na masahihisho hayo. Mikono ikapanda kulia na kushoto. Yule mzee wa Mama Anastazia alinyoosha miwili, mkewe akamshusha mmoja. Mtendaji akagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

 Njiani Dakta Mollel akasema amesimamia tafiti nyingi, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona mmoja ukifanyika mbele ya macho yake. Niandike sura upya, nimpe Jumatatu, na nikashone joho. Niligeukia dirishani ili asione machozi, lakini nadhani aliyaona.

Kesho asubuhi naanza. Kabla ya sura hiyo nitaandika barua ya kwenda Mahenge. Mama alisoma kisomo cha watu wazima, herufi kubwa anazisoma mwenyewe, kwa hiyo nitaandika kwa herufi kubwa na maneno machache: Mama, nimefaulu. Nilikuwa nimekusahau kwenye ripoti yangu. Sasa umo.