Kasuku Ameacha Kusema

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili asubuhi

Mpendwa Dada,

Salamu kwanza. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Kazi ni ile ile ya kupokea simu za wateja, ila sasa nazipokelea hapa hapa chumbani. Kutwa nzima watu wananifokea kwamba vifurushi vyao vimeisha mapema, nami nawajibu kwa sauti tamu. Baba Kasuku, tangu apunguzwe kiwandani, anakaa sebuleni anatazama televisheni iliyozimwa. Hatugombani. Afadhali tungegombana.

Unamkumbuka binti yangu alivyokuwa, mdomo hautulii, mpaka wewe mwenyewe ukampachika hilo jina la Kasuku. Siku hizi nikivaa hedifoni ananyata. Wageni wakinisifu kwamba nina mtoto mtulivu, kichwa kilikuwa kinanivimba. Nikawa nazivaa hata zamu ikiisha, ili nisisemeshwe tu.

Mwezi uliopita mwalimu wake akanipigia. Eti tumbo linamsumbua karibu kila siku, analala kifudifudi juu ya dawati. Nyumbani hakuwahi kulitaja.

Nikampeleka kwa daktari. Alimpima, akasema tumbo halina ugonjwa, mtoto amebeba wasiwasi wetu sisi wakubwa. Akamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasuku akajibu, "Mama anahudumia wengine."

Wakati wa kurudi alinitapikia kwenye sketi. Akainua uso, akasema, "Samahani kwa usumbufu, mama." Kwa sauti yangu ile ile ya kazini, Dada. Ana miaka saba.

Nilipaswa kulia. Sikulia. Nilipangusa sketi, nikaangalia saa nisije nikachelewa zamu. Nimekufa ganzi, sina neno jingine. Najua mwanangu anaumia na bado sisikii kitu, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Daktari anataka twende wote watatu kwa mshauri kila wiki. Baba Kasuku amekubali, kwa kutikisa kichwa tu, lakini amekubali. Kazini nimeomba likizo, wamenipa wiki mbili kwa mbinde.

Baba Kasuku alipopunguzwa ulisema utamchukua Kasuku akae kwako. Hapana, Dada, atadhani tumemfukuza. Njoo wewe. Njoo uangushe masufuria, ucheke hicho kicheko chako, aone kwamba nyumba inapigiwa kelele na haibomoki. Mimi mwenyewe nataka kuona.

Nisalimie shemeji na wanangu wote huko, hasa kitinda mimba, mwambie meno yakiota anijulishe. Mungu awalinde, awape usingizi mwema.

Kasuku nimemuuliza anakupa salamu gani. Amefikiri sana, kisha akaninong'oneza, "Mwambie mama mkubwa namsalimia, akipata nafasi."

Mdogo wako akupendaye,
Mama Kasuku